Safari ya Mafia hupangwa kwa maji, si kwa wikiendi

Wageni wengi wanaorudi kutoka Mafia wakilalamika hawakukosea kisiwa, walikosea siku. Wamelipia boti ya kwenda magofu ya Kua, wanafika saa tano asubuhi maji yamekupwa, boti imekaa juu ya tope la mikoko na nahodha hana la kufanya ila kusubiri alasiri. Kwa hiyo kabla hujatafuta nauli wala chumba, angalia mwezi, kisha upepo. Vingine vyote hufuata hapo.

Maji

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika hamsini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti ya juu na chini kwenye bamvua kubwa hukaribia mita nne. Bamvua kali zaidi za mwaka huja karibu na Machi na Septemba. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni kama mita moja tu, na mkondo hupoa.

Jambo la kukariri ni hili: katika ukanda wa Dar es Salaam, Unguja na Mafia, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne na kukupwa karibu na saa kumi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji zaidi ya hapo. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi mwandamo ni bamvua; tarehe 8 na 9, na 22 na 23, ni maji mafu. Siku za katikati hesabu mwenyewe: tarehe 5 maji hujaa kama saa moja na nusu, tarehe 11 kama saa saba mchana.

Hilo ni kadirio na linaweza kupishana kwa saa nzima. Ukishachagua wiki, hakikisha kwa jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam au kwa programu ya simu yenye kituo cha Dar es Salaam au Zanzibar. Kosa linalojirudia ni kusoma saa za programu iliyowekwa kwa majira ya nchi nyingine. Tazama kwanza kama imeandikwa saa za Afrika Mashariki.

Pepo

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari ya nje hutulia vya kutosha kwa wazamiaji, joto ni kali, na papa potwe, wale samaki wakubwa wenye madoa, wako karibu na Kilindoni, mji wa kisiwa. Kusi huanza pamoja na masika na hushika kasi Juni hadi Agosti: hewa baridi kidogo, anga kavu, mawimbi makubwa upande wa mashariki. Uzamiaji wa wakati huo hufanyika ndani ya Ghuba ya Chole, ambako mwamba na visiwa vya Juani na Jibondo hukinga mawimbi. Katikati ya misimu hiyo kuna tanga mbili, upepo ukiwa haujaamua. Oktoba na mwanzo wa Novemba mara nyingi ndiyo bahari tulivu kuliko zote.

Mwisho wa Machi hadi Mei ni masika. Hoteli nyingi za Utende, upande wa watalii kwenye Ghuba ya Chole, hufunga Aprili na Mei, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kutokwenda. Ikiwa una lazima ya kusafiri kipindi hicho, fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kila siku. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, mwezi ambao wengi walidhani hatari pekee ni mvua.

Kufika

Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hutumia nusu saa na kidogo hadi Kilindoni. Mzigo ni kilo 15, na mara nyingi begi la mkononi huhesabiwa humo humo. Begi liwe la kitambaa linalokunjika, kwa sababu sanduku gumu halikai vizuri kwenye tumbo la ndege ya abiria kumi na wachache. Wanaobeba masanduku ndio mizigo yao inayoachwa ifuate kesho.

Njia ya bahari ni rahisi zaidi kwa mfuko, na ngumu zaidi kwa mwili. Panda gari Mbagala Rangi Tatu, pita Mkuranga hadi Bungu, kisha shika barabara ya kushoto inayoshuka Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji. Huko kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na boti za watu binafsi. Kuvuka huchukua saa tatu hadi nne kwa kawaida. Kwa kuwa mlango wa Nyamisati ni wa mikoko na maji mafupi, saa ya kuondoka huamuliwa na maji: wiki hii alfajiri, wiki ijayo karibu na adhuhuri. Piga simu jana yake, usitegemee ratiba ya mwezi uliopita. Ukitakiwa kuondoka alfajiri, lala Nyamisati au Bungu. Gari la kwanza kutoka Mbagala halitakuwahisha.

Kwenye boti binafsi angalia mambo matatu kabla ya kulipa. Majaketi okozi yawe yanayoonekana, si yaliyofungiwa chini ya magunia. Boti isiwe imezama hadi karibu na ukingo ikiwa bado ufukweni, maana huko nje itazidi. Na upepo wa kusi ukiwa umeanza kuvuma kabla hamjang'oa nanga, mchana utakuwa mbaya zaidi, subiri kesho. Wanaolewa bahari wameze dawa ya kichefuchefu nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda, wakae nyuma karibu na katikati ya chombo, watazame upeo wa macho na waachane na simu. Tumbo tupu husumbua kuliko tumbo lenye kipande cha mkate mkavu.

Kilindoni kwanza, Utende baadaye

Kilindoni ndio mji: hospitali ya wilaya, soko, benki ya NMB yenye mashine ya kutolea fedha, mawakala wa simu, nyumba za wageni za bei ya kawaida. Utende iko kama kilomita 15 upande wa kusini-mashariki, kwenye Ghuba ya Chole, na ndiko kwenye hoteli za watalii na vituo vya uzamiaji. Kati ya hizo mbili kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania Bara, yenye kilomita za mraba 822. Utende, Chole, Juani na Jibondo zote zimo ndani.

Kiingilio hulipwa kwa kila saa 24, kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa noti mkononi. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, ila lazima athibitishe: beba kitambulisho cha taifa au pasipoti. Hifadhi stakabadhi kwenye simu na nakala ya karatasi, kwa sababu askari wa hifadhi wanaweza kuiuliza tena ukiwa baharini.

Hapa ndipo pa kuokoa pesa. Boti za kutazama papa potwe huondokea Kilindoni. Anayelala Utende siku ya potwe hulipa kiingilio cha siku ambayo hakuigusa ghuba, na juu yake usafiri wa kwenda na kurudi. Maliza potwe ukiwa Kilindoni, kisha hamia Utende kwa siku za visiwa. Bajaji au bodaboda hufika kwa nusu saa hivi. Patana bei kabla, na useme wazi kama kusubiri getini kumo ndani ya bei.

Mtu anayetafuta mchanga mweupe na kuogelea saa yoyote aambiwe ukweli: Utende si Nungwi. Sehemu kubwa ya ufuko wake ni mikoko na tope, na maji yakikupwa utaogelea kwenye bwawa la hoteli. Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa Unguja, maji hayakimbii mbali. Paje na Jambiani hukimbia hadi mwambani. Mafia huendewa kwa yaliyo ndani ya maji.

Papa potwe

Msimu wa uhakika ni Oktoba hadi Februari, na Machi kama bahati ipo. Watafiti waliowafunga vifaa vya sauti wamegundua kwamba wengi wao hawahami. Nje ya msimu hushuka kina zaidi na kusogea mbali na pwani, kwa hiyo mtu haoni pezi juu. Wengi ni madume wachanga, wa urefu wa mita sita au saba hivi. Wanafuata uduvi na viumbe vidogo vinavyoelea, ndiyo sababu maji yao ni ya kijani yenye ukungu. Anayetarajia kuona mnyama mzima kama kwenye picha za matangazo atashangaa. Mara nyingi utaona kichwa, kisha madoa yakipita, kisha mkia.

Ondoka saa moja au saa mbili asubuhi, kabla upepo haujachafua uso wa bahari. Kabla ya kulipa uliza: bei ni ya boti au ya mtu? Miwani ya kuzamia na mapezi ya mpira vimo? Ushuru umo? Msipomwona hata mmoja, mnarudi kesho kwa bei gani? Majibu yawe mbele ya wenzako wote, si wewe na dalali peke yenu.

Namna ya kuingia majini ndiyo inayoamua mtakaa naye dakika moja au ishirini. Nahodha huweka chombo pembeni mbele ya njia ya samaki na kuzima au kupunguza mashine. Teleza majini ukitanguliza miguu, usiruke. Ogelea ubavuni mwake, umbali wa mita tatu. Mkiani ziwe nne, kwa kuwa pigo moja la mkia linaweza kuvunja mbavu. Usimkate njia mbele, usimguse, usiwashe mwanga wa kamera. Akishuka, mwache. Wanaomfukuza humwondolea kila mtu, na boti ya pili iliyokuwa inasubiri kwa adabu hupata maji matupu. Kama mko wengi, ingieni kwa zamu za watu wasiozidi kumi.

Sasa la wasiojua kuogelea, ambao ndio wengi wetu na mara nyingi huona haya kusema. Sema ukiwa bado nchi kavu. Omba jaketi okozi linalokubana: mtu akikuinua kwa mabega ya jaketi, lisipande hadi masikioni. Fanya mazoezi ya miwani kwenye maji ya kiunoni siku moja kabla. Mtu anayejaribu kupumua kwa mrija kwa mara ya kwanza kwenye kina kirefu, huku samaki wa mita saba akimjia, humeza maji. Kujua kama miwani inakutosha, ibandike usoni bila kamba na uvute pumzi kwa pua. Ikishika yenyewe ni saizi yako. Masharubu na nywele chini ya mpira huingiza maji. Ukungu huondoka kwa mate yaliyosuguliwa kwenye kioo kikavu kisha kusuuzwa kidogo. Na ukiamua kubaki chomboni, hujakosa: potwe hula juu kabisa ya maji na huonekana vizuri kutoka ubavuni mwa boti.

Ghuba ya Chole

Ghuba hii hupokea na kutoa maji kupitia milango michache, mkuu ukiwa Kinasi. Maji yanapojaa huingiza bahari safi ya nje na matumbawe huonekana mbali. Yanapokupwa hutoa mchanga na tope la mikoko, na mkondo wa Kinasi huvuta mtu kwenda nje. Kwa hiyo kuzamia na kuogelea juu ya matumbawe hufanywa maji yakijaa, hasa saa mbili za mwisho, na siku za maji mafu ndizo rahisi kwa asiye mzoefu. Kituo kinachokubali kukupeleka Kinasi saa yoyote unayotaka wewe, kiache.

Kua, upande wa magharibi wa Juani, unataka maji yaliyojaa, maana boti hupenya kwenye mikoko kufikia magofu. Mji huu ulikuwa na jumba la watawala na misikiti kadhaa, hadi uliposhambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Maji yakijaa saa nne, ondoka Utende saa mbili na nusu, tembea magofuni saa moja na nusu, urudi kabla hayajashuka. Chukua mwongozaji wa Juani mwenyewe. Njia zina mashimo ya visima na kuta zilizoegemea mizizi, usizipande. Viatu viwe vya kufunga.

Fungu la mchanga la Marimbani ni kinyume chake: huibuka maji yakikupwa. Hilo ni la bamvua, asubuhi kuanzia saa tatu. Hakuna kivuli hata cha mkono, kwa hiyo beba turubai dogo au mwavuli, na lita mbili za maji kwa kila mtu. Weka vitu vyako katikati ya fungu, si pembeni. Maji yakianza kurudi huja haraka kuliko unavyodhani, na nanga ya boti iwe upande wenye kina ili msije mkaisukuma.

Chole ni robo saa kwa boti ya wanakijiji kutoka Utende, ambayo huondoka ikijaa. Kulikuwa makao ya utawala wa Wajerumani kabla hawajahamia Kilindoni mwaka 1913, na mizizi ya miti imeshika kuta za boma na jela. Nenda alasiri ili uone popo wakubwa, jamii ya wale wa Komoro, wakiamka na kuruka jua likizama. Usipige makofi wala kurusha jiwe chini ya mti wao ili waruke, huangusha watoto. Mchango wa kijiji ulipe ofisini na uombe stakabadhi. Kabla ya kushuka muulize nahodha chombo cha mwisho cha kurudi, kwani maji yakikupwa jioni utashukia mbali na gati na kutembea kwenye matope gizani.

Juni hadi Septemba, fukwe za mashariki za Juani huwa na kasa wanaoanguliwa. Shirika la Sea Sense na walinzi wa vijiji hufuatilia viota na kukisia siku, kwa kuwa mayai hukaa mchangani takriban siku 50 hadi 60. Uliza hotelini au ofisini kwao mara tu unapofika. Ukiwa pale, usitumie tochi, usisimame kati ya kiota na maji, na usimbebe kasa kumsaidia. Mtambao ule wa kwanza anauhitaji.

Siku za kuchagua

Kwa mtu wa siku tano anayetaka potwe, Kua na matumbawe, fika Kilindoni tarehe 5 ya mwezi mwandamo, ndani ya miezi ya Novemba hadi Februari. Tarehe 6 asubuhi ni potwe. Tarehe 7 potwe tena kama hukubahatika, vinginevyo hamia Utende, na alasiri nenda Chole. Tarehe 8 Kua asubuhi. Tarehe 9 matumbawe, maji yakielekea kujaa. Anayependa zaidi mafungu ya mchanga na kutembea mwambani asogeze yote hadi tarehe 15, na Kua aiache kwa safari nyingine, au aende alasiri na kurudi jioni.

Mwezi wa Ramadhani kisiwa kinakwenda kwa mwendo wake: mikahawa mingi ya Kilindoni hufungwa mchana, na nahodha aliyefunga hutaka kuwa nyumbani kabla ya magharibi. Hoteli za Utende hupika kama kawaida. Mwezi wowote, nguo za kuogelea ni za ufukweni mwa hoteli na chomboni. Ukiingia kijijini jifunge kanga au vaa shati na suruali. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, hasa wanawake wanaovua pweza.

Miiba, sumu na dawa

Viatu vya mpira vya kutembelea mwambani ni muhimu kuliko kamera. Mtu akichomwa na miiba mirefu myeusi, toa inayoonekana kwa kibano na uache vipande vilivyozama. Kuchimba kwa sindano huleta usaha. Kwenye mchanga wa maji mafupi buruta miguu badala ya kuinua, ili samaki aitwaye taa, aliyejifukia humo, asikie na kuondoka. Akichoma taa, au samaki wa sumu anayefanana na jiwe, zamisha jeraha kwenye maji ya moto yanayovumilika, dakika 30 hadi 90, huku mkimpeleka hospitali ya Kilindoni. Mtu mwingine apime maji hayo kwa mkono wake, kwa kuwa mwenye maumivu hajui kama anaungua.

Malaria ipo. Dawa ya mbu ipakwe kuanzia magharibi, na chandarua kikaguliwe matundu kabla ya giza. Kwa jua, fulana ya mikono mirefu unayoingia nayo majini hushinda mafuta, na haichafui matumbawe. Vitu vyako vifunge kwenye mfuko usiopitisha maji wa kudumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na mgeni hana msamaha. Usinunue kombe, tumbawe wala gamba la ng'amba, hata ukiambiwa vilikutwa vimekufa.

Kurudi

Aliyezamia kwa mitungi asipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu alipotoka majini, hata kama ndege ni ndogo na huruka chini. Wa boti ya Nyamisati aulize saa ya kuondoka Kilindoni siku mbili kabla, kisha jioni ya mwisho aulize tena. Usikate tiketi ya ndege ya kimataifa kutoka Dar es Salaam siku hiyo hiyo unayovuka. Weka siku moja katikati, na kama kusi linavuma, weka mbili.